Kioo cha Kwenye Kona

Mjukuu wangu Naelijwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako anakohoa, ila ulimi wake ni mzima. Mbuzi mweupe kazaa pacha.

Unauliza kama mwanga unaogonga kuta ndani ya uzi wa kioo, ule wa kupitishia simu mnaousomea, unaweza kurudi kwa njia ileile.

Enzi za Mwingereza tulichimba handaki la maji mlimani juu ya Same. Moshi wa taa ulitukaba, kwa hiyo tuliangaza kwa vioo: kimoja mlangoni kupokea jua, kingine kwenye kona. Nilivuta kamba na kupima pembe, maana jua hutoka kiooni kwa mlalo uleule lilioingia nao. Msimamizi aliniita profesa, kisha akanirudishia sururu.

Siku moja paa liliporomoka ng'ambo ya kona, likamfungia mdogo wangu Elieza. Juu ulibaki ufa. Wenzangu walichimba; mimi nikageuza kioo cha mlangoni hadi mwanga ukapita ufani na kumfikia.

"Kaka, naona mikono yangu!" akaita. "Miguu siioni, vumbi tupu. Wewe waniona?"

Nilichungulia pembeni ya kioo changu. Kile cha kwenye kona kilinionyesha uso wake, na jiwe lililolala juu ya miguu.

"Sikuoni, mdogo wangu. Kioo hakirudishi."

"Basi profesa gani wewe!" Akacheka.

Tulipomfikia mwili wake ulikuwa umeshapoa.

Jibu ni ndiyo, mjukuu wangu, hurudi. Nilichelewa kupiga hesabu: kama nilimwona, basi naye aliniona, machozi na yote.

Babu yako