Sentensi Iliyorudi Mara Tatu

Papa,

Boti ya Mpulungu inaondoka Jumamosi, na barua yetu ya kuomba nafasi katika shule ya masista kule Zambia bado iko mezani. Ni ileile tuliyoiandika pamoja kabla hujalazwa. Nimeinakili mara nne. Kila nikifika sentensi ya tatu, kalamu yangu ya biki inasimama.

Unaikumbuka. Inasema kwamba baba yangu amenifundisha Kiingereza kwa miaka sita. Nilichagua mwenyewe "has taught", nawe ukacheka kwa furaha: "Umeona, Mama? Kazi imeanza zamani, na mpaka leo iko mkononi." Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Tangu tukuzike hakuna anayeniita hivyo.

Na sentensi ile si ya kweli tena.

Nilimsomea Mama kwa Kiswahili. Aliendelea kuchambua ndagala, vile visamaki vya ziwani. Jirani yetu Mama Zawadi ndiye aliyejibu: "Acha tu vile, mutoto! Andika Papa iko. Nani atavuka ziwa hii kuja kuangalia kaburi?" Akasema shule zinaogopa yatima; wataniuliza nani atakuja nikiugua. Labda anasema kweli, Papa. Naitaka sana nafasi hii. Kwa siku mbili niliiacha sentensi ilivyo. Sitakuficha, haikuwa kwa ajili ya shule tu. Nilipenda kukuona pale kwenye karatasi, ukiwa bado unafundisha.

Jana alasiri nilishuka ufukweni, pale wanawake wanapoanika ndagala, pale tulipofanyia mazoezi. Nilifuata sheria yako. Sentensi huandikwa kwanza kwenye mchanga mbichi. Wimbi likiifuta, muntu anaiandika tena bila msaada, na ikirudi vilevile mara tatu, ndipo inaingia kwenye kaye, daftari letu la Kiingereza. Niliandika ile ya zamani. Wimbi likaifuta. Nikainama niirudishe, mkono ukakataa. Nikakumbuka swali lako, lile la kila nilipochagua wakati wa kitenzi kwa haraka: "Kwanza niambie, umesimama wapi?"

Nimesimama hapa, Papa. Wewe umebaki kule nyuma.

Nikaandika "had taught". Baba yangu alikuwa amenifundisha kwa miaka sita alipofariki. Nililia hadi mwanamke mmoja akaita kutoka kwenye samaki zake, "Ee mutoto, umekanyaga mwiba?" Wimbi likaja. Nikaandika tena, na tena. Ilirudi mara tatu, Papa, bila kosa.

Chini yake nikaongeza nyingine, fupi, ambayo hukuwahi kuisahihisha: "I have not stopped." Sijaacha kujifunza. Hiyo ni ya leo, na kesho nadhani itakuwa bado ya leo.

Asubuhi hii nilimsomea Mama barua yote, pamoja na kifo chako. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaikunja mwenyewe, polepole, kama nguo ya kanisani. Kisha akanipa, akasema, "Peleka, Mama."

Alisema Mama. Nilitaka ujue.

Pumzika, Papa. Wakinikatalia, nitaandika barua nyingine, na hiyo pia haitakuwa na uongo ndani. Wakinikubali, nitatafuta mchanga mbichi upande ule. Ziwa ni lilelile.

Mwanao,
Feza