Ukuta Usio na Lipu

Baba yangu,

Shikamoo. Tulipoagana mara ya mwisho nililitamka hilo kwa mdomo tu, nikiangalia pembeni. Leo nalitamka kwa moyo mweupe. Hukuiba, Baba! Hukuiba!

Nimelisikia redioni. Hapa katika kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Usinge, redio ni moja, ya ofisi ya kijiji, nasi tunakaa mlango wa pili. Jana walitangaza kutoka jengo lile ulilojenga Tabora mjini, maduka chini, nyumba za kupanga katikati, studio juu. Mtangazaji akamuuliza mhandisi aliyelichora: mbona kuta mmeziacha zege tupu? Mhandisi akacheka. Akasema walitaka hivyo tangu mwanzo, na fundi wao mkuu aliambiwa asipake kitu.

Si ndivyo ulivyotuambia? "Wenyewe wanataka hivyo hivyo." Nani angekuamini! Hata kibanda cha udongo husiribwa, sembuse ghorofa la serikali? Mji mzima ukasema saruji ya lipu umeiuza. Pale mtaani Chemchem watoto walikuzomea njiani, "Mzee Lipu! Mzee Lipu!" Na mimi, mwanao wa kukuzaa, nikaamini. Ulipougua nilikuja siku mbili tu, nikaondoka. Nisamehe.

Mhandisi akaongeza kwamba ukutani inaonekana mistari ya mbao za mninga zilizozuia zege mpaka likakauka, kwa sababu fundi yule alizichagua mwenyewe, moja moja, kabla ya kumimina zege. Nilikuona kabisa, Baba, unagonga ubao, unanusa, unaukataa, muuzaji ananuna. Nikatoka nje mbio na uzazi wangu, "Huyo ni baba yangu! Baba yangu huyo!" Mama mkwe nyuma ananikimbiza na khanga, anasema nitapigwa na baridi. Nililia, nikacheka kama mwehu. Kisha nikalala usingizi mzito, wallahi, ambao sijaupata tangu tukuzike.

Ndiyo, nimejifungua. Wa kiume. Mume wangu alitaka apewe jina lako, nikakataa katakata, nikasema litamletea mtoto aibu. Kesho anatimiza siku saba, na jina lako nitalitaja mimi mwenyewe: Mrisho. Arobaini ikiisha nampeleka Tabora, akaone kazi ya babu yake.

Pumzika, Baba. Tukifika Chemchem nitamwita kwa sauti, katikati ya barabara, wote wasikie: Mrisho! Mrisho!

Mwanao,
Zainabu