Herufi Ndogo Tu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo tumeanza. Samia ana miaka mitano na nusu, Januari anaingia darasa la awali, na sitaki akakae nyuma akitazama dirishani kama nilivyokaa mimi. Nimemwaga unga wa ngano kwenye sinia, nikamchorea a, nikamwambia aifuate kwa kidole. Akachora kumi na moja. Ya kumi na mbili kailamba. Shuaibu, miaka mitatu, kazi yake kufuta – kiganja kizima, kwa raha zake.

Mama mkwe alikuwa kibarazani anasuka ukili. Akatutazama weee, kisha akasema unga unachezewa na kuna watu wanautafuta. Nikamwambia Mama, tutauchekecha. Baada ya muda kidogo, kausogeza mkeka wake karibu na sinia.

Jumatano, 6 Novemba

a e i o u zimeiva! Nimezifinyanga kwa unga wa maandazi, nikazikaanga. Sheria: huli mpaka uitaje. Samia kala zote tano. Shuaibu kila kitu anakiita o, kwa hiyo kala o tatu.

Mama mkwe akaomba e. Akaishika muda mrefu, akauliza kama ndiyo yenyewe. Mwanamke wa miaka sitini na nne, anasoma Kurani bila kukwama! Chuoni alikwenda, shule hakupelekwa. Kwao Mkange kulikuwa na mpunga, na ndege wa kufukuza. Nikasema ndiyo Mama, ndiyo e. Hakuila. Kaifunga kwenye pindo la kanga.

Ile nyekundu yenye korosho nyeupe. Nimeiona, roho ikanishuka.

Jumamosi, 9 Novemba

Ngoja niandike, maana sina wa kumwambia.

Kanga ile nilimpa mimi, sikukuu ya Idi, mwaka aliohamia kwetu hapa Mbegani. Kwake, wali wangu ulikuwa bokoboko, mume simpokei mzigo mlangoni, mtoto simfuniki vizuri. Kila siku neno. Nilikuwa na mimba ya Shuaibu na hasira zangu zilikuwa karibu. Nikaenda dukani nikachagua kwa jina, hata rangi sikutazama: YA KWAKO YAMEKUSHINDA, YA MWENZIO UTAYAWEZA? Nilijua hajui kusoma. Nilitaka avae tu, mimi nimtazame, nipumue.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akauliza, "Inasemaje, mwanangu?"

Mdomo ukanikimbia. Nikasema imeandikwa MAMA NIPE RADHI YAKO.

Akalia. Akasema, "Radhi unayo, mwanangu. Tangu leo unayo."

Na tangu siku ile hajanisema tena. Bokoboko anakula. Nilipojifungua alinikanda kwa maji ya moto siku arobaini, mikono yake mwenyewe. Na kanga ile ndiyo ya kutokea – harusini, msibani, hospitali.

Sasa mimi, mwenye akili zangu, namfundisha mtu kusoma ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Nimeamua. Herufi ndogo tu. Kanga huandikwa kwa herufi kubwa. Hizo kubwa Samia watamfundisha shule.

Jumatano, 13 Novemba

Kombolela ya herufi. Nimekata boksi, nimeandika ma me mi mo mu, nimezificha uani. Samia kaipata mo chini ya kinu, mi kwenye banda la kuku. Kuku kaichafua, haidhuru. Bibi yao naye kacheza! Kahesabu macho kafumba, kisha kaenda moja kwa moja kwenye mtungi kutoa me. Samia kamshitaki kwamba alichungulia. Kweli alichungulia.

Halafu kaandika ma kwenye unga. Kaanza kulia kwenda kushoto, kama chuoni, ikatoka am. Tumecheka mpaka Shuaibu akalia. Akasema hizi za shule zinatembea kinyumenyume kama kaa. Ila hakuacha. Kaandika tena mpaka ikakaa sawa.

Nampenda mama huyu. Nimeandika na sifuti.

Ijumaa, 15 Novemba

Bi Mwanabaraka kapita mbele ya nyumba, uso kaupeleka upande wa pili. Mama mkwe kamfuata kwa macho mpaka alipokata kona. Kasema, kama kila mara, hajui alimkosea nini mwenzake. Waliwekwa ndani pamoja kwao Mkange, wakachezwa unyago pamoja, wakaozwa mwezi mmoja, mwenzake akaletwa huku. Mwaka wa pili sasa hawasalimiani.

Yeye hajui. Mimi najua.

Bi Mwanabaraka ni kungwi. Nusu ya wanawake wa hapa kawafunda yeye, ndoa za watu kazisuluhisha yeye. Mwaka juzi binti yake akarudi nyumbani na watoto na mabegi, kaachwa. Mama mkwe akaenda kumpa pole. Akavaa ya kutokea. Nilimwona anatoka nayo! Nikajiambia nitasema, nikamwangalia mpaka akapotea njiani, sikusema.

Wote pale ukumbini waliisoma. Na kijembe cha kanga hakiulizwi. Unakipokea, ukiweza unakirudisha, ukishindwa unanuna. Bi Mwanabaraka kanuna.

Jumapili, 17 Novemba

Mume wangu Hamidu karudi kutoka shamba Kiwangwa. Mananasi sita, na zawadi ya mwanawe: karatasi kubwa ya kubandika ukutani. Herufi zote na picha zake, ndogo na kubwa. KUBWA! Kaigongelea misumari mwenyewe, kajaa furaha. Nilitamani kumpiga na nanasi.

Samia hakuhitaji mwalimu. Kasema kubwa ni mama, ndogo ni mtoto, na watoto wamepotea. Yeye na bibi yake wamekaa mchana kutwa wanawarudisha watoto kwa mama zao. Magharibi inaadhiniwa, hakuna mtoto aliyebaki nje.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Bi Mwanabaraka. Shikamoo. Marahaba, kavu kama kifuu. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Nikaongea nimesimama, hakunikaribisha kukaa. Nikasema yote: duka, Idi, uongo, siku ile ya pole. Nikasema mama mkwe wangu hajui hata neno moja lililo kwenye kanga ile.

Akaendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akasema, "Miaka miwili naumwa kwa hamu ya mwenzangu. Kumbe wewe."

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, magoti nimpelekee mwenyewe. Yeye hatasema. Nikishasema mimi, nimtume Samia amwite, atakuja saa hiyo hiyo, hata kama chungu kiko jikoni.

Nimerudi nikiwa nimeapa ni leo. Nikamkuta Mama kalala na Shuaibu kifuani. Si leo.

Alhamisi, 21 Novemba

Mara mbili nimefungua mdomo. Mara ya kwanza nikauliza kama chumvi imetosha. Ya pili nikauliza hivyo hivyo.

Alasiri kaniita kwenye sinia. Kaandika peke yake, hakuna aliyemshika mkono: MAMA. Kubwa zote, kuanzia kushoto. M ya pili imelala kidogo. Akanitazama usoni kama Samia anavyonitazama akisubiri niseme sawa. Nikasema sawa, Mama. Nikaingia ndani nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Kakataza unga usichekechwe. Kaufunika kwa kawa. Leo tumekula bila maandazi.

Ijumaa, 22 Novemba

Ni leo. Nimejiambia wanaume wakienda msikitini, nyumba ikitulia, nasema. Hamidu kaondoka. Wali uko motoni. Naandika hapa jikoni nipate nguvu, dakika mbili tu.

Wako kibarazani, nawaona mlangoni. Shuaibu kalala miguuni kwa bibi yake. Na bibi yake kaikunjua kanga mapajani, upande wa jina uko juu. Ya Rabi! Anamwambia Samia leo watasoma ya kwake. Nyepesi, anasema, inaanza na MAMA, na hiyo anaijua.

Samia kaweka kidole. Kasema hii siyo M, hii Y.

Bibi yake kamwambia atafute mbele. Kidole kinatembea. Kimefika M moja, wakashangilia, lakini baada yake ipo E; ya pili, ipo W. Wamerudi mwanzo. Wanakwenda tena, polepole, herufi moja moja, kama nilivyowafundisha.

"Mama hayumo, Bibi."

"Yumo. Mama yako alinisomea mwenyewe."

Wameinama wote wawili. Ningetaka kwenda kuivuta kanga, lakini Shuaibu kailalia ncha.

Wali unaungua, nausikia. Mama mkwe kainua uso, kanitazama huku jikoni. Hajakasirika. Anangoja tu nije nimwonyeshe.

"Mwanangu," ameniita, "hebu njoo."