Kabla Sijafuta Michoro Yako

Mama mpendwa,

Najua hukupenda mtu aguse kompyuta yako, ndiyo maana nakuandikia kwanza. Nimekaa mbele yake hapa kibandani kwangu, kituo cha Kawangware 56, na skrini inaniuliza kama nina hakika nataka kufuta kila kitu. Nimeiacha iulize.

Unakumbuka siku ulipoileta nyumbani kwetu, mtaa wa Raila? Uliibeba mwenyewe kifuani, na mashine ya kudarizi ikakufuata kwenye mkokoteni. Tulikuwa na chumba kimoja tu, na bado ulitukataza kula katika chumba chenye kompyuta. Wiki nzima tulikula tukiwa mlangoni, majirani wakidhani umetufukuza. Kisha ukaanza kuchora beji za sweta za shule, na vitambaa vya kichwa vya akina mama wa kanisa, na leso za matanga zenye jina la marehemu. Kila mchoro uliuhifadhi humo. Nikikushauri ununue programu mpya, ulinijibu vilevile kila mara: "Kitu kikifanya kazi, kiache."

Nimekiacha miaka yote hii. Mzoea punda hapandi farasi, na mimi nimekuwa na punda wako hata wateja wakichoka. Siku hizi wanaleta michoro kwa simu, na kompyuta inakataa kuifungua. Nilimwita Wafula, fundi wa jirani, nikitumaini ataniambia imekufa.

"Madam, hii mashine iko sawa," akasema. "Ni vile mmeiwekea mfumo wa biti thelathini na mbili, na yenyewe inaweza sitini na nne, ndio unafungua michoro ya siku hizi. Lakini tukibadilisha tunafuta yote. Na hiyo programu ya mamako haitakubali kuingia tena."

Nikamuuliza kama michoro inaweza kukaa kwenye flashi. Akasema itakaa, ila hakuna kitakachoifungua. Diski nayo ni ndogo, haiwezi kubeba mifumo miwili. Nikamwambia aende, nitafikiria. Nilikasirika kama mtu aliyeambiwa akuzike mara ya pili.

Halafu nikakumbuka kwamba mchoro ukishashonwa hauhitaji kompyuta. Nilichukua shuka yako nyeupe, nikaanza kudarizi faili moja baada ya nyingine, ili baadaye nizichore upya nikiziangalia. Imenichukua siku tisa. Yule jogoo wa shule ya chekechea ya Kambi Muru bado anafanana na bata, mama, na bado nacheka.

Faili ya mwisho uliiita "Mimi". Ilikuwa leso ya matanga. Jina lako, maua madogo pembeni, neno macheo na tarehe yako ya kuzaliwa, kisha neno machweo, na mbele yake nafasi tupu.

Ulikuwa unaniambia ni vidonda vya tumbo tu. Nilikukasirikia, nakuambia ukweli. Ulipotuacha mikono yangu ilikataa kazi, nikapeleka leso zako kwa mtu mwingine, zikarudi na waridi lililopinda, na akina mama wakazivaa hivyo hivyo. Na yako ilikuwa hapa, tayari, ikingoja mtu afungue. Nililia sana. Kisha nikaitoa shuka, nikatega kitambaa cha leso na uzi wa zambarau, kwa sababu ndio ungechagua.

Wafula alipokuja leo kuweka mfumo mpya, aliniuliza mbona sijajaza tarehe. Nilikuwa na nafasi ya kuijaza, nami najua tarehe kuliko mtu yeyote. Nimeiacha vile ulivyoiacha. Jumapili nitajifunga leso hiyo kwenda kanisani, na wakiniuliza nitawaambia kazi ni ya mama, siwezi kumrekebisha.

Sasa nimebonyeza ndiyo.

Pumzika, mama. Kazi yako yote nimeitoa salama.

Binti yako mkubwa