Kiti cha Kwenda Mtwara

Jumapili, 2 Machi
Ibada. Palizi ya alizeti. Baadaye simu tena, kutafuta ndege. Kulwa, pacha wangu, anafanyiwa upasuaji wa uzazi Ijumaa, Mtwara. Mumewe yuko kazini mbali. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa kuanzia Jumatano tu.

Nimepata, kwenye mtandao mmoja wa tiketi! Dodoma hadi Mtwara kupitia Dar, na bei ninaiweza. Nimemwambia Kulwa nakuja. Amelia.

Jumatatu, 3 Machi
Nimejaza jina, namba ya kitambulisho, kila kitu. Nilipobonyeza kulipa: bei imebadilika. Imepanda karibu mara mbili. Nikarudi nyuma. Bei ya zamani ileile. Nikabonyeza. Imepanda tena.

Mchana mtandao unaandika kimebaki kiti kimoja. Nikajaribu tarehe nyingine, kisha mwezi mwingine. Kote kimebaki kimoja. Nimechukia.

Jioni safari yenyewe haipo kabisa. Yohana, mume wangu, anasema, "Panda basi tu, mke wangu."

Uzazi wa kwanza wa Kulwa nilipanda basi. Likaharibika njiani. Nilifika mtoto wa Kulwa ameshazikwa. Safari hii siendi kufika matangani.

Jumanne, 4 Machi
Sikufungua ule mtandao. Saa ya mapumziko nimepiga simu shirika la ndege lenyewe. Nilisubiri sana, wanafunzi wakipiga kelele dirishani. Sikukata.

Akapokea dada mmoja mpole. Nikamweleza yote.

"Hapo ulipoangalia si kwetu," akasema. "Ni watu wa kati. Wanakuonyesha bei waliyoichukua kwetu muda uliopita. Viti vya bei ya chini vimeshaisha, kwao bado vinaonekana. Ukitaka kulipa ndipo wanatuuliza upya."

"Na jana jioni mbona walisema safari hakuna?"

"Dodoma hadi Dar imejaa. Wao wanatafuta tiketi moja ya safari nzima, kipande kimoja kikikosekana wanafuta yote. Dar kwenda Mtwara Alhamisi asubuhi viti vipo. Wewe fika Dar."

Treni! Dodoma hadi Dar kuna treni. Sijui kwa nini sikuiwaza.

Bei ya kweli ya ndege ni kubwa kuliko ile ya Jumapili. Nimeilipa. Ujumbe wa tiketi umeingia. Nikampigia tena kuhakikisha jina langu limo. Limo. Kisha nikapata na kiti cha treni.

Jumatano, 5 Machi
Basi kutoka nyumbani Iguguno hadi Dodoma. Yohana amenisindikiza stendi. Treni ya jioni. Naandika humu. Naogopa, lakini naenda.

Alhamisi, 6 Machi
Mtwara. Joto. Ndege ilichelewa kidogo. Ikaruka. Kulwa alikuwa amekaa kitandani, miguu imevimba. Aliponiona akasema, "Doto, umekonda." Basi. Tukacheka mpaka nesi akatugombeza.

Ijumaa, 7 Machi
Wa kike. Analia kwa nguvu.

Kulwa bado ana usingizi wa dawa. Daktari anasema yuko salama. Nimemkalia karibu, mtoto mapajani. Ana nywele nyingi. Mvua imeanza, nesi amefunga madirisha. Mkono umekufa ganzi. Simhamishi.