Zipu ya mgongoni

Baba Mỷ,

Chakula cha nguruwe kimeiva, uwape kabla hakijapoa. Mỷ akienda shule avae soksi mbili, nje majani yameganda barafu. Nimeenda sokoni Mèo Vạc na pikipiki.

~~Mbembeleze mama yako~~ Usimbembeleze, tumeshapatana. Unajua alivyoninunia tangu ninunue koti la dukani nikaacha kizibao alichonishonea, hata salamu haitikii. Sasa leo nimelivaa koti mbele nyuma kama kila siku, upepo wa mlimani usinipenye kifuani, na wewe mfunga zipu wangu unakoroma. Nikahangaika na mgongo kama mbuzi anayejikuna ukutani. Mama akainuka pale motoni, akanivua koti, akanivisha kizibao chake, akanirudishia koti juu, akafunga zipu mpaka shingoni.

“Simama wima, mwanangu. Hilo lako lizuie upepo, changu kikupe joto.”

Mwanangu. Umesikia?

Kwa hiyo jioni nikirudi usiniguse zipu. Hata nikitokwa jasho nitakaa hivyohivyo, nimsubiri aliyeifunga.

Mama Mỷ