Mashine Inazimika Katikati ya Mbio

Siku ya pili, 12/8/2025

Imezimika tena! Kona ya mwisho, niko wa tatu — tac! Ekra nyeusi. Mara ya ine juma hii. Jessy, kapiteni wa ekipe yetu ya mbio za motokari za ku kompyuta, ametuma sauti toka Lubumbashi: fainali ni siku ya posho, tarehe 16, na mashine ikizimika tena wataweka muntu mwengine. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nimefungua mashine, nimetoa vumbi, nimepaka pate mpya ya kupoza juu ya prosesa. Joto digri 61. Iko bien. Sasa ni nini?

Siku ya tatu, 13/8

Dakika kumi na mbili, tac.

Papa Casimir alikuwa kwa kiti chake, karibu na mulango. Toka ugonjwa umulegeze mukono wa kuume, miaka mbili sasa, hagusi hata ampule ya taa — yeye aliyefanya umeme kwa kiwanda cha Shituru miaka makumi tatu! Michezo yangu anaiita kazi ya wavivu. Leo ameuliza, bila kunitazama:

— Ukiacha kucheza, inazimika?

— Hapana, papa. Ni kwa mbio tu.

— Na joto haina?

— Haina.

— Basi iko na njaa. Courant ya umeme haifike yote.

Akageukia mulango. Lakini sauti ilikuwa ile yake ya zamani.

Siku ya ine, 14/8

Asubuhi papa ametoa sanduku la vyombo chini ya kitanda. Mama alimwambia aache, ataumia. Akafungua kifuniko.

Niliweka mbio ya jana ijirudie yenyewe. Papa akachukua kipima-umeme. Mukono ukatetemeka, ncha ikateleza. Mara mbili. Niliogopa kumusaidia. Niliogopa pia kumuacha. Mwishowe akanipa ncha zote:

— Shika weye. Miye nasoma.

Nikashika. Akasoma volti: kumi na mbili… kumi na moja… kumi na nusu — tac!

— Umeona!

Papa amecheka! Ni alimentation, ile boite inayogawia mashine courant. Imechoka, basi.

Siku ya posho, 16/8

Jana Osée wa fotokopi alituazima alimentation ya kompyuta yake kubwa iliyokufa. Papa alikaza visi zote za kuishika peke yake. Saa nzima! Tukajaribu dakika makumi ine: haikuzimika.

Sasa ni fainali. Naandika haraka, mapumziko inaisha. Courant ya mutaa inayumba, taa imefifia. Ncha za kipima nimezifunga na skochi, papa hatoi macho kwa namba. Kumi na mbili kasoro. Inashika. Papa anamuita mama:

— Anne! Kuya uone, tuko ba pili!

Mama amekuja, mikono imejaa bunga ya ugali. Anauliza, motokari yetu ni ile ya bulu? Papa anamuonyesha ya kijani. Kidole kinatetemeka kabisa, hakifichi.

Taa inafifia tena. Jessy anahesabu kwa simu, mbio inaanza tena. Tatu, mbili —